"Bongofleva": neno moja au mawili, na hiyo Bongo ni ipi?

Mleta mada (Makoroboi, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naleta mada ambayo imenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, na naomba wenye ujuzi wa lugha pamoja na wenye kumbukumbu za muziki wanisaidie, kwa sababu imekwisha kunigharimu bango zima.

Mimi ni mchapaji mdogo hapa Makoroboi: kadi za harusi, mihuri, fulana, mabango. Alikuja mteja mwenye ukumbi wa burudani upande wa Kirumba, akataka bango la mita 3 kwa 1 la kutangaza usiku wa muziki. Maneno aliyaandika kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, yakiwa yamebanana kiasi kwamba sikuweza kujua kama ni neno moja au mawili, nami kwa mazoea ya macho yaliyokulia kwenye majalada ya kanda nikachapa USIKU WA BONGO FLAVA. Alipokuja kulichukua alilikunjua sakafuni, akarudi hatua mbili nyuma, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, hii flava ni ya nani? Sisi tunasema fleva, tena ni neno moja." Hakulichukua. Nilitaka kumbishia, lakini nilipofungua mdomo nikagundua kwamba nimelichapa neno hili mara nyingi mno bila kujiuliza hata siku moja limejengwaje.

Nianze na nusu ya pili kwa kuwa ndiyo nyepesi. Fleva ni neno la Kiingereza lenye maana ya ladha, na vijana weusi wa Marekani wa miaka ya 1990 walikuwa wakiliandika "flava" kwa makusudi, kama alama ya mtaa. Maandishi hayo ndiyo yaliyotufikia sisi kwenye majalada na magazetini. Lakini sikio halisomi jalada. Sauti ile ambayo Waingereza huiandika kwa herufi a, sisi huisikia e, na ndiyo maana tuna breki, keki na geti. Kwa hiyo "flava" ni jina lililoingia kwa njia ya macho, na "fleva" ni lilelile lililoingia kwa njia ya masikio. Mteja wangu alikuwa mtu wa masikio. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa akianika dagaa kule Igombe, alikwenda mbali zaidi: yeye alisema "fuleva", akitia irabu kati ya konsonanti mbili kama waliomtangulia walivyotia katika neno fulana, ambalo nalo lilikuja nchini likiwa na f na l zilizoshikana.

Penye kazi ni kwenye Bongo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina hili linatokana na ubongo: Dar es Salaam ni mji ambao mtu haishi kwa nguvu za mikono peke yake, sharti achemshe kichwa, na asiyeweza atalala njaa. Shida za miaka ya 1980, wakati sukari ilipokuwa kwa foleni na sabuni kwa kujuana, zilitosha kumfanya mtu yeyote alielewe jina hilo bila kufafanuliwa. Angalieni hata fumbo la gazetini tunavyoliita: chemsha bongo. Kundi la Hard Blasters nalo lilikuwa na wimbo wenye jina hilohilo, jambo linaloonyesha kwamba wanamuziki wenyewe walikuwa bado wanausikia ubongo ndani ya Bongo.

Sasa, hapa Mwanza nilipokuwa mtoto, Bongo ilikuwa mahali pa kwenda. Mjomba alipopanda treni ya Reli ya Kati tuliambiwa kwamba amekwenda Bongo, na hakuna aliyedhani kwamba sisi tuliobaki kwenye mawe yetu tulikuwa ndani ya Bongo hiyo. Bongo ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na Mbongo alikuwa mtu wa kule, mwenye maneno mengi, ambaye hupaswi kumwachia mzigo wako akushikie.

Kuhusu siku ya kuzaliwa kwa jina lenyewe, simulizi inayotajwa zaidi ni ya mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One, mwaka 1996, katika kipindi chake cha DJ Show. Radio One ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya binafsi, na kipindi hicho kilikuwa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi kwa vijana wa nyumbani walioimba na kughani kwa mtindo wa Kimarekani. Baada ya kupiga wimbo wa Kimarekani aliouita R&B flava, alitaka kuwajulisha wasikilizaji kwamba unaofuata ni wa hapa nyumbani; akasema inafuata Bongo flava. Kwetu sisi wa kandokando ya ziwa, mwaka huo una jina lingine kabisa. Ni mwaka wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei, na watu wa rika langu hupima kumbukumbu zao za utotoni kwa kabla na baada ya meli ile. Kwa kipimo hicho nakumbuka vizuri kwamba kabla yake kaka zangu waliuita muziki huu "rapu ya Kiswahili" na basi.

Ukiitazama simulizi hiyo kwa makini, unaona kwamba jina lilizaliwa likiwa mpaka kati ya wimbo uliokwisha na wimbo unaoanza. Halikukusudiwa kueleza ala wala mapigo. Lilikusudiwa kusema "huu ni wetu", na uzito wote ulikuwa kwenye Bongo, kwa kuwa fleva ilikuwamo pande zote mbili.

Hapo ndipo linaponitatiza. Katika Kiswahili, tunapounganisha majina mawili, mwenye mali hutangulia na mpambe wake hufuata. Batamzinga ni bata. Mbwamwitu ni mbwa. Garimoshi ni gari, na askarikanzu ni askari. Kwa mpangilio huo Bongofleva ingepaswa kuwa aina fulani ya Bongo, na sivyo. Ni aina ya fleva. Neno limevaa shati nyuma mbele. Hata fleva yenyewe, ikiwa peke yake, hufuata utaratibu wetu bila shida: ingia duka lolote la juisi hapa mjini uone kama hawatakuuliza unataka fleva ya embe au ya nanasi. Hakuna anayesema "embe fleva". Kwa nini basi hatukusema "fleva ya Bongo"? Na je, tuandike neno moja au mawili? Mteja anarudi Jumamosi.

Mwalimu mstaafu (Nansio, Ukerewe)

Mleta mada, salaam. Nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu na sikutarajia kwamba bango la ukumbi wa burudani lingenitoa kitandani, lakini umeuliza vizuri na nitajibu yale ninayoyaweza.

Kwanza nikusahihishe jambo ambalo hukulisema waziwazi, ila naona wengi hulichukulia hivyo: kwamba bongo ni wingi wa ubongo. Tazama majina yanayofanana nalo kwa umbo. Ubao, wingi wake mbao. Ubavu, mbavu. Ubawa, mbawa. Kwa kawaida, penye u- ikifuatwa na b, wingi huleta m kabla ya b hiyo. Kwa kanuni hiyo wingi wa ubongo ungekuwa "mbongo", na wewe unajua Mbongo ni nani. Bongo tunalolisema ni jina la ngeli nyingine, ngeli ya jicho na macho: bongo, mabongo. Ndiyo maana mtu aliyechoka kufanya hesabu husema "bongo langu limechoka". Kuondoa u- na kuliingiza jina katika ngeli hiyo ni njia yetu ya kulikuza. Bongo ni ubongo uliotajwa kwa ukubwa wake, wenye kazi nyingi. Kwa mji wa watu wajanja, umbo hilo linafaa kuliko wingi.

Lakini angalia linavyogeuka mara tu linapokuwa jina la mahali. Hakuna asemaye "Bongo letu limebadilika". Husema "Bongo yetu imebadilika", au "Bongo kumekuwa kugumu". Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, ila upatanisho wa sarufi unakuambia kama mtu anazungumzia kilicho ndani ya fuvu lake au nchi anayoishi. Bongo langu, Bongo yangu. Mtoto wa darasa la pili anazitenganisha bila kufundishwa, na ningependa watu wanaodai kwamba lugha ya mtaani haina kanuni wakae walitafakari hilo.

Kuhusu shati kuvaliwa nyuma mbele, ni kweli, na fundi wake ni Kiingereza, ambacho huweka mpambe mbele na mwenye mali nyuma. Hukuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano mwingine: hapo kwenu Mwanza watu hupanda daladala za kwenda Nyegezi Kona, na hakuna kondakta anayeita "Kona ya Nyegezi". Kalibu hiyo, yaani umbo hilo la kuundia maneno, ilipokwisha kuingia, tulifyatulia matofali mengi. Studio maarufu ya Dar es Salaam ikaitwa Bongo Records, filamu zikaitwa Bongo Muvi, na walioko ughaibuni wakasema Bongoland. Yote ni mpambe mbele.

Sasa linganisha na neno ambalo humu ndani linatumika kila siku, hasa siasa zikipamba moto: bongolala. Hilo nalo ni neno ambatani, nalo lina Bongo, lakini limejengwa na mikono yetu. Bongo kwanza, kisha linachofanya: lala. Bongo lililolala. Utamu wake, au ukali wake, uko katika kwamba linamtukana mtu na kuitaja nchi yake kwa pumzi moja. Hakuna aliyekaa studio akalitunga. Limetoka kinywani likiwa limesimama wima kwa mpangilio wa Kiswahili. Kwa hiyo, mwanangu, tunazo Bongo mbili katika maneno ambatani: ile iliyokuja na kalibu ya kigeni na ile iliyofinyangwa nyumbani.

Swali la neno moja au mawili lina kipimo chepesi. Lipachike kiambishi uone. Wanaoimba muziki huu huitwaje? Wanabongofleva. Ukitenganisha utapata "wana Bongo fleva", ambayo ni sentensi nyingine kabisa inayosema kwamba kuna watu wana kitu fulani. Mtindo wa kuvaa na kusema unaotokana nao huitwaje? Wa kibongofleva. Neno linapoanza kubeba viambishi mwanzoni kwa jumla yake, limekwisha kuwa neno moja, hata kama majalada yataendelea kuliandika vinginevyo.

Mpita njia (Bunda)

Naheshimu maelezo ya Mwalimu, ila mimi nilisoma mahali kwamba bongo ni ngoma. Zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, zinazopigwa kwa vidole. Je, haiwezekani kwamba muziki umepewa jina la ala yake, kama ilivyo kawaida duniani?

Mwalimu mstaafu (Nansio, Ukerewe)

Ndugu yangu wa Bunda, ngoma hizo zipo na jina lake ndilo hilo, lakini asili yake ni Kuba, na kufanana kwa majina ni bahati tu. Wapiga dansi wetu walizoea zaidi tumba. Isitoshe, muziki huu ulianza kwa mashine za kutengeneza mapigo na maikrofoni, bila ngoma ya ngozi kuonekana chumbani. Ungepewaje jina la ala ambayo haikuwamo? Yuko pia mnyama wa msituni anayeitwa bongo, na aliwahi kuwapo rais wa Gabon mwenye jina hilo. Tukianza kuokota kila bongo tutakayokutana nayo njiani, mteja wa watu hatapata bango lake.

Kijana wa flashi (Igoma, Mwanza)

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni wakubwa wote mliotangulia. Mimi sina elimu ya ngeli. Kazi yangu ni kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi hapa Igoma, na nadhani ninaweza kuchangia kuhusu maana, kwa sababu mimi mteja akitaja jina la muziki na mimi nikaelewa vingine, ananirudishia flashi na anataka hela yake.

Kwenye kompyuta yangu kuna folda. Moja inaitwa Bongofleva. Nyingine ni Hiphop, Singeli, Taarab, Injili, Zilipendwa, Kikongo, na moja kubwa kuliko zote ambayo nimeiandika Kisukuma. Sasa, kama Bongofleva maana yake ni fleva ya Bongo, basi nyimbo za manju wa Kisukuma, zile zenye kusifu ng'ombe na kuwasema wapinzani kama wafanyavyo Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, zingekuwa za kwanza kuingia humo, maana hakuna kilicho cha Bongo kuliko hicho. Lakini mzee akitoka Magu akaniambia "niwekee Bongofleva kidogo na za Kisukuma nyingi", anajua na mimi najua kwamba ni vitu viwili. Singeli imezaliwa Dar es Salaam kwenyewe, uswahilini, na bado haiingii. Kwa hiyo kwa watu wangu Bongofleva ni nyimbo za kuimba, za mapenzi hasa, zenye mapigo ya studio.

Nimeona pia mabadiliko. Kaka aliyenifundisha kazi hii, na ambaye alianza enzi za kurekodi kanda, alikuwa na fungu moja tu la vijana wote: anayeghani na anayeimba walikaa pamoja, na wote waliitwa Bongofleva. Mimi nikifanya hivyo nitapata kesi. Fid Q ni mtoto wa hapa Mwanza na ana watu wake wengi. Mara moja nilimweka kwenye folda ya Bongofleva, na kijana mmoja fundi wa pikipiki akanisomea somo la nusu saa kwamba hiphop ni hiphop. Nikamhamisha siku ileile. Jina lililoanza likiwa mwavuli wa wote limebaki kuwa la wale waliokataa kutoka chini yake.

Mleta mada, kwa bango lako, cha kuuliza ni je, ukumbini watapiga nini? Wakipiga hiphop halafu umeandika Bongofleva, kuna watakaolalamika mlangoni.

Dada wa Sirari

Habari zenu. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, navuka mpaka kwenda Kisumu karibu kila mwezi, na naona hili halijasemwa.

Kule Kenya hawana haja ya hiyo fleva. Dereva wa matatu akitaka kubadilisha muziki, utamsikia anasema "weka Bongo", na wimbo unaoingia ni wa hawa vijana wetu. "Nyimbo za Bongo", "msanii wa Bongo", au "Bongo" tupu. Mara ya kwanza niliposikia abiria mwenzangu akisema anapenda Bongo, nilidhani anapenda nchi yetu nikaanza kumweleza habari za Serengeti, kumbe anazungumzia muziki. Tulicheka mpaka Ahero.

Nimejiuliza kwa nini wao wamelikata na sisi hatulikati. Nadhani ni kwa sababu sisi tukisema Bongo peke yake tunakuwa tumetaja nyumbani; neno limeshachukuliwa. Wao kwa kuwa hawakai ndani yake, wanaweza kulipa kazi nyingine. Na kwao hiyo Bongo haijawahi kuwa Dar es Salaam. Nikiwa sokoni Kisumu mimi ni Mbongo, hata kama sijafika Dar es Salaam zaidi ya mara mbili maishani mwangu.

Mleta mada (Makoroboi, Mwanza)

Dada yangu wa Sirari, umenipa kitu ambacho nilikuwa nakizunguka bila kukiona. Neno ambatani likikatwa, kinachobaki ndicho kilichokuwa kimebeba mzigo. Wakenya wamekata, wakatupa fleva, wakabaki na Bongo. Maana yake ni kwamba nilikosea niliposema fleva ndiyo mwenye mali. Kwa sarufi ya Kiingereza, ndiyo. Kwa masikio ya watu wa ukanda huu, mwenye mali ni Bongo, na fleva ni mkia tu wa kutuonya kwamba hapa hatuzungumzii nchi wala fuvu. Ukilitazama hivyo, shati limerudi kukaa sawa: Bongo mbele, mpambe nyuma, kama batamzinga. Mwalimu ataniambia kama nimepotoka, lakini nadhani ndiyo sababu neno hili halikwaruzi ulimi wa mtu yeyote ingawa limetoka kwenye kalibu ya kigeni.

Na kuhusu upana wa Bongo, naona wote mmesema jambo moja kutoka sehemu mbalimbali. Kutoka kwenye madirisha ya Mwanza ya utoto wangu, Bongo ilikuwa Dar es Salaam. Kutoka Kisumu, Bongo ni Tanzania nzima, pamoja na mwanamke wa Sirari ambaye haijui Kariakoo. Mjomba aliyekwenda Bongo alirudi baada ya miaka mingi akakuta sisi nasi tumekuwa Wabongo bila kupanda treni, na muziki wenye jina hilo, kwa jinsi ulivyopigwa kila kibanda, ulikuwa na mkono wake katika hilo. Vijana wa huku walipoanza kurekodi nao wakaitwa wa Bongofleva, haikuwezekana tena kusema kwamba Bongo inaishia Kibaha.

Kijana wa flashi, ahsante kwa tahadhari. Nilimpigia mteja, akasema watapiga "zile za kuimba", kwa hiyo tuko salama. Na umenikumbusha lile jina la magazetini, "muziki wa kizazi kipya", ambalo kwa mpangilio ni Kiswahili kitupu na halina kasoro hata moja isipokuwa kalenda. Sugu na Profesa Jay wamekwisha kuingia bungeni na kutoka, na bado tunawaita kizazi kipya. Wakati jina hilo linazeeka, mwenzake mwenye shati la kuazima anazidi kupata viambishi. Wenye kusema "zilipendwa" walikuwa waangalifu zaidi. Waliweka wakati uliopita ndani ya jina lenyewe, basi haliwezi kupitwa.

Mwalimu mstaafu (Nansio, Ukerewe)

Hukupotoka. Ningeongeza tu kwamba ukiliandika neno moja, uandike kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa sababu Bongo ni jina la mahali. Lakini lile la kibongofleva na la wanabongofleva, herufi ndogo inatosha, kama tuandikavyo kizungu tukimaanisha mtindo. Na flava usiirudishe. Huyo mteja ana sikio zuri.

Mleta mada (Makoroboi, Mwanza)

Ahsante Mwalimu. Taarifa ya mwisho kwa waliouliza. Mteja amekuja leo, amelikunjua bango jipya, USIKU WA BONGOFLEVA, yote kwa herufi kubwa kwa hiyo ushauri wa Mwalimu umekosa pa kukaa, akalipa kilichobaki na kuondoka nalo begani.

La zamani sikulitupa. Ni mita 3 za turubai zuri. Nimempelekea shangazi Igombe, aliyerithi kazi ya bibi, naye amelitandika mchangani na kumwaga dagaa juu yake, upande wa maandishi ukiwa juu kwa sababu ndio mlaini zaidi. Nilipokuwa naondoka alikuwa amesimama na fagio mkononi, akiwasogeza dagaa pembeni na kusoma herufi moja moja kwa sauti: "Usiku... wa... Bongo... Fulava."